Kumpima Mama Mkwe

Mwanamume wa kwetu, kaskazini mwa Katanga, anaweza kupigana na simba. Mimi nimewahi kusema mbele ya watu kwamba nilipigana na wawili, na hakuna aliyebisha kwa sababu nilikuwa nimewanunulia bia. Lakini mbele ya mama mkwe wake mwanamume huyo huyo hana mifupa. Hamgusi. Hampi mkono. Haketi naye mkeka mmoja, wala hatii kidole katika sahani aliyolia. Akimwona anakuja njiani, anaingia majanini na kujifanya anakagua mihogo ya watu. Kwa mke wangu, ambaye ni mtu wa Kasai, sheria ni hiyo hiyo. Katika jambo hilo makabila yetu mawili yalikubaliana bila kuitisha mkutano.

Wangu nilimkimbia miaka yote ya ndoa. Siku moja katika soko la Dilala, mtaa wetu wa Kolwezi, nilimwona kwa mbali ananunua samaki wakavu, nikaruka mfereji mpana kama mto Lualaba wakati wa mvua, nikatua juu ya meza ya muuza nyanya. Muuza nyanya alinitukana mimi, akamtukana baba yangu, akaanza na babu. Mama mkwe alirudi nyumbani amefurahi, akawaambia majirani kwamba binti yake ameolewa na mtu mwenye adabu.

Basi mtu anielewe ninaposema kwamba katika kazi zote nilizopewa hospitalini, hakuna iliyonitoa jasho kama ile ya kumpima mama huyo unene wa mkono.

Mimi sikuajiriwa kupima watu. Nilikuwa mtunza mashuka wa hospitali ya kampuni ya shaba. Mchana mashuka, jioni shule: nilisoma masomo ya jioni kwa muda mrefu hata mwalimu wangu wa kwanza akastaafu na mwanawe akaendelea nami. Nilipopata diploma niliibeba kwapani wiki nzima, nikawa nauliza njia hata ya mahali ninapopajua, ili watu waione.

Kisha mambo yakaharibika. Machimbo yakaanza kusimama moja baada ya jingine, mashine zikaota kutu zikiwa wima, na mshahara ukawa hadithi ambayo wazee waliwasimulia vijana. Njaa ilipokwisha kukaa vizuri, redio ikaanza kusema habari za watu wa Kasai: kwamba wamekula vya wenyeji, kwamba warudi kwao. Kwao ni wapi, haikusema. Baba zao waliletwa hapa na treni za kampuni kuchimba shaba, na wao wenyewe wengi walizaliwa Musonoi na Dilala, hawajui hata Kasai mvua inanyesha mwezi gani. Lakini vijana walishika fimbo, wakaweka magogo barabarani, wakapita nyumba kwa nyumba. Watu tuliokuwa tunacheza nao karata tukawakuta kituo cha treni, wameketi juu ya magodoro yao chini ya nailoni, wanangoja mabehewa. Wengine walingoja hadi watoto wao wakajifunza kutembea pale pale.

Nusu ya wauguzi wetu walikuwa kati ya hao. Siku moja daktari alipita katika vyumba, akatazama nani amebaki, akakuta mimi na mashuka yangu. Akaniuliza kama ni kweli nina diploma. Nilikuwa nayo mfukoni.

Daktari huyo alikuwa mama mwembamba, mwenye sauti ndogo iliyoweza kupasua kuni. Alinikabidhi balansi, yaani mizani ya kupimia watu, utepe wa fundi cherehani, na chombo alichokuwa ametengenezewa na seremala: ubao mmoja wa kukanyagia na mwingine wa kuteremshwa kutoka juu, kati yao fimbo yenye sentimita. Wodi yangu ikawa ya wazee, kwa sababu kule kituoni ndio waliokuwa wanazimika kwanza, kimya kimya, kama taa iliyokwisha mafuta. Walikuwa wanawaachia wajukuu chakula na kusema wameshiba.

Siku ya kwanza nilimsimamisha mzee mmoja ukutani, nikampima urefu, nikampandisha kwenye balansi, nikatangaza kwa sauti ya redio kwamba huyu hana shida, kwa urefu wake kilo zinamtosha. Daktari hakunicheka. Alimlaza yule mzee, akamkunja goti, akateremsha ubao.

"Mzee aliyepinda mgongo, usimuulize urefu wake," akasema. "Uliza goti lake. Mgongo husinyaa, lakini mfupa wa mguu unakumbuka jinsi mtu alivyokuwa."

Na goti lilisema kwamba yule mzee alikuwa mtu mrefu, mrefu hasa, aliyekunjwa na umri akatoshea katika kimo cha mtu mfupi. Kwa mtu wa kimo hicho, kilo alizokuwa nazo zilikuwa kilo za kaburini. Hapo nilinyamaza, jambo ambalo mke wangu hakuamini nilipomsimulia.

Daktari akanifundisha yaliyobaki. Balansi ijaribiwe kila asubuhi kwa mfuko wa chumvi ambao uzito wake tunaujua, kwa sababu chuma nacho huzeeka. Mtu apimwe bila viatu, na nguo moja nyepesi. Mkono ukunjwe kwanza, utafutwe nusu ya njia kati ya bega na kiwiko, utiwe alama, halafu ulegezwe uning'inie, na utepe uzunguke juu ya ngozi bila kubana. Mwisho, kidole gumba kwenye mfupa wa mbele wa mguu: bonyeza, ngoja, toa. Kikiacha shimo, mguu umejaa maji, na kilo unazozisoma si za nyama.

Nilipima wazee. Sitaki kusema nilipima Kolwezi yote, lakini nilifika mahali nikawa napima kwa macho watu wanaopita barabarani, na padri alinikanya kanisani.

Kilichofanya vipimo hivyo viwe jambo la kufa na kupona ni mabehewa. Masista wa misheni walikuwa wamepata ruhusa ya kupanga wazee katika behewa moja lenye paa, kila treni inapokuja. Mwanzoni walimchukua yeyote. Baadaye habari zikarudi kufuata reli: treni ilikuwa inasimama porini siku nyingi, bila maji, na wazee wengine walishushwa njiani wamefungwa katika mikeka, hawakuifikia Kasai. Tangu hapo masista walikataa kumpandisha mzee asiyetoka kwetu na karatasi ya kusema anaweza safari. Aliyekuwa chini ya mpaka wa kilo na wa mkono aliouweka daktari alibaki wodini, akapewa maziwa na uji wa mafuta mpaka mkono ujae, ndipo aende. Aliyekuwa juu ya mpaka alipewa karatasi.

Mtu angedhani wazee wangependa kubaki na maziwa. Hakuna. Walitaka kwenda na watu wao. Walijaza matumbo maji kabla ya kupanda balansi. Babu mmoja aliweka mawe ya shaba katika mifuko ya kaputula, na nilipoyatoa akaniambia ni dawa.

Na mama mkwe wangu alikuwa kituoni na wanawe.

Mke wangu yeye alibaki nami Dilala. Vijana wa mtaa wetu walikuwa hawajakumbuka kwamba ni mtu wa Kasai, au walikuwa wamekumbuka na wanangoja siku; hatukujua, na hatukuweza kuuliza. Alikuwa anasema lugha ya kwetu vizuri kuliko mimi. Alipokwenda bombani alikuwa anaisema kwa sauti hata akiwa peke yake.

Ilikuwa asubuhi ya treni. Wana wa mama mkwe walikuwa wamepata nafasi zao, wakamleta mama yao kwa mkokoteni ili apimwe, apewe karatasi, arudishwe kituoni kabla ya mchana. Mke wangu aliwafuata kwa njia nyingine, ya nyuma ya reli. Wanaume walimshusha mama mlangoni, wakarudi mbio kulinda nafasi. Mkubwa wao, shemeji yangu ambaye zamani tulikuwa tunataniana hadi mbavu zinauma, hakunitania. Aliniambia tu nifanye upesi.

Daktari alikuwa ndani ya chumba cha upasuaji tangu alfajiri, na mchimbaji aliyeangukiwa na udongo kwenye machimbo ya Mutoshi. Muuguzi mwanamke pekee aliyebaki alikuwa humo humo naye. Wodini tulikuwa wazee vitandani, mimi, mke wangu, na yule mama niliyemkimbia maisha yangu yote. Kule getini vijana wa fimbo walikuwa wanaimba.

Nilifanya kile ambacho mtu yeyote aliyelelewa angefanya. Nilifunga kamba kutoka dirisha hadi msumari, nikatundika shuka, nikapitisha vifaa vyote upande wa pili, nikageuza uso ukutani. Nikawa nalifundisha shuka.

"Mama watoto," nikasema, "mwambie mama avue."

Nikasikia maneno ya Kiluba cha Kasai, ya chinichini. Mke wangu akajibu kwa Kiswahili, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, kwa sababu dirisha lilikuwa wazi na vijana wanasikia.

"Anasema hakukuja kuoga."

Nikaomba avue viatu basi. Viatu vilivuliwa. Nikaeleza goti, nikasikia ubao ukiteremka, na mke wangu akasoma namba. Lilikuwa goti la mwanamke mrefu. Nikaeleza balansi, nikaisikia ikilia kama mlango wa kanisa. Kilo zikasomwa, nazo zilikuwa nzuri, hata kunishangaza. Nikaeleza mkono: ukunje, tafuta katikati, legeza, zungusha. Namba ya mkono ikasomwa. Ilikuwa namba ya mwoka mikate.

Nilifurahi, kwa nini nidanganye. Namba zote zilikuwa juu ya mpaka, zimetoka katika mikono ya mtu ninayemwamini, na mbele ya shuka lile hakuna aliyekosewa heshima. Nikachukua kalamu.

Ndipo mama mkwe aliposema jambo dogo kwa binti yake, sijui nini, na nikasikia pumzi yake. Alikuwa anapumzika katikati ya maneno. Mtu ameketi kitini, lakini anapumua kama anapanda kilima cha Musonoi na gunia kichwani.

Kalamu ikasimama. Nilijaribu kukumbuka mkono wake ulikuwaje miaka ya shibe, nikagundua kwamba sijui. Majirani wote walimjua, wauza samaki walimjua, hata yule muuza nyanya. Mimi mkwewe nilikuwa namjua kwa mgongo tu, tena kwa mbali, tena nikikimbia. Hakuna kitu nilichoweza kulinganisha na ile namba.

"Mama watoto," nikasema polepole. "Umepima juu ya ngozi?"

Nikasikia nguo zikivutwa.

"Umepima juu ya nini?"

"Juu ya blauzi," akasema.

"Na juu ya nini tena?"

Akasema kulikuwa na sweta. Halafu akasema sweta zilikuwa zaidi ya moja. Nikaelewa hata kabla hajamaliza. Kwenye magogo ya barabarani vijana walikuwa wananyang'anya mizigo, lakini walikuwa hawajafika mahali pa kumvua bibi kizee nguo. Basi watu wa kituoni walivaa kila walichonacho. Mama mkwe wangu alikuwa amepanda balansi na kabati lake lote: vikwembe vya kujifunga juu ya vikwembe, sweta, koti la marehemu mume wake. Na binti yake hakumvua, si kwa hila. Angewezaje kumfunua mama yake mkono wakati mkwe wake amesimama nyuma ya shuka, hatua moja tu? Mimi mwenyewe ningemgombeza. Tulikuwa tumepima adabu, na adabu ilikuwa na afya nzuri sana.

Nikaomba apime upya, juu ya ngozi. Safari hii mama mkwe hakumwachia binti yake kujibu. Alisema kwa Kiswahili, akilielekezea shuka na kuniita tata, yaani baba.

"Mwambie ule tata, mukono ya mama mukwe si ya kutazama. Aandike, batoto yangu bananingoja."

Ningeweza kuandika. Kila mtu katika chumba kile alitaka niandike: yeye, mke wangu, wanawe kule kituoni, hata vijana wa getini wangefurahi, mmoja zaidi ameondoka. Lakini nilikuwa nimewaona masista wakisoma majina ya waliofungwa katika mikeka. Karatasi yangu ingemweka katika lile behewa, na kama nyama aliyokuwa nayo ni sufu na pamba, asingefika hata nusu ya njia. Nyimbo za getini zilikuwa zimesogea. Shuka lile jepesi, nililolifua mwenyewe, likawa zito kuliko mlango wa ghala.

Nikalisogeza, nikapita.

Mama mkwe alivuta kikwembe akajifunika uso wote. Mke wangu alishika mdomo. Nilipiga magoti kwanza, kwa sababu sikujua njia nyingine ya kukaribia, nikamwomba radhi, yeye na baba zake wote walio ardhini. Nikamshika mguu. Nilibonyeza kidole gumba kwenye mfupa wa mbele, nikangoja, nikakitoa. Kikaacha shimo ambalo mtu angeweza kupanda hindi humo.

Kisha nikaanza kumkunjua mkono. Koti. Sweta. Sweta nyingine. Blauzi ya mikono mirefu, na chini yake nyingine. Nilikuwa kama mtu anayemenya kitunguu, na machozi nilikuwa nayo. Ndani kabisa nikaukuta mkono. Namba yake sitaiandika. Nilitafuta katikati, nikatia alama, nikauachia uning'inie, na utepe ukazunguka ukakutana na mwanzo wake mapema mno, kama unavyokutana kwenye mkono wa mtoto wa shule ya msingi. Nikapima tena nikitumaini nimekosea. Utepe haukuwa na huruma.

Hapo ndipo alipofunua uso. Ulikuwa uso wa mke wangu, lakini uliokaushwa juani. Akanitazama, na kwa mara ya kwanza tangu nilipooa akasema nami mimi.

"Tata. Andika ile ya kwanza."

"Mama, ile ya kwanza ni ya sweta."

"Mi najua. Andika ya sweta."

Nikamwambia lile behewa linafanya nini kwa watu wenye miguu kama yake. Nilimwambia kwa adabu, lakini sikupunguza. Alisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa kama mtu anayesikia habari za jana. Halafu akatazama dirishani, akashusha sauti.

"Nikibakia hapa, nani ataniletea bukari? Ni huyu mutoto. Kila siku atapita pale kwa bijana na sahani. Leo batamuacha. Kesho batamuacha. Kesho kutwa mumoja atamuuliza, sahani hii unapelekea nani? Na wewe tata, utabakia na batoto yako, na nani tena?"

Mke wangu alikuwa hajui. Alidhani mama yake anawafuata wanawe kwa sababu ni wanaume, na alikuwa amelinunia jambo hilo tangu alfajiri. Niliona uso wake ukibadilika. Katika hospitali yetu maziwa na uji wa mafuta vilitoka kwa masista, lakini bukari, yaani ugali wetu, na kitoweo, maji ya kunawa, kugeuzwa kitandani, hayo ni ya ndugu wa mgonjwa. Na ndugu pekee atakayebaki Kolwezi alikuwa yeye, mwenye uso ule ule wa mama yake. Yule bibi alikuwa amepiga hesabu yake vizuri kuliko sisi wote. Alikuwa anakwenda kufia njiani ili binti yake asitembee barabarani.

Mimi si mtu wa kukosa maneno. Nimewahi kumsemesha mlevi hadi akalevuka. Lakini nilikaa pale sakafuni na utepe mkononi, natafuta, sipati. Halafu yakaja yenyewe, hata sikuyapima.

"Sahani nitaleta mimi."

Akanitazama kana kwamba nimesema nitazaa.

"Mwanaume? Kwa mama mukwe?"

"Mimi napita pale getini kila siku kuja kazini, hawaniulizi kitu, ni mtu wao," nikasema. "Na mkono wangu umeshakugusa, mama. Kilichobaki ni kijiko."

Mlango ukafunguliwa, shemeji yangu akaingia na jasho, na nyuma yake tukasikia filimbi ya treni inayoingia. Akaona shuka limesogezwa. Akamwona mama yake mkono wazi, na mimi nimepiga magoti mbele yake. Sijawahi kuona mtu akikasirika bila kupaza sauti namna ile.

"Karatasi iko wapi?"

Nikamwambia haipo. Nikamwambia hawezi safari.

"Mmetufukuza kazini," akasema. "Mmetufukuza katika nyumba tulizozijenga. Sasa mama yetu pia munabakisha? Mutamufanya nini, mutamuweka kwenye jumba la makumbusho?"

Zamani ningecheka, maana ndiyo ilikuwa namna yake ya kutania. Lakini hakuwa anatania, na lile "mmetufukuza" alilitupa usoni mwangu mimi niliyeoa dada yake. Ngumi zake zilikuwa zimekunjwa. Nilikuwa najua kwamba nikianza kujitetea tutapigana, na tukipigana, walio getini wataingia kuamua ugomvi.

Nikamsogezea mguu wa mama yake. "Bonyeza hapa," nikasema. "Wewe mwenyewe."

Hakutaka. Mama yake akamwambia neno moja kwa lugha yao, naye akachuchumaa, akabonyeza, akatoa kidole. Akabaki analitazama lile shimo. Lilikaa pale, na umbo la kidole chake mwenyewe, likijaa polepole sana. Akabonyeza mahali pengine, kama mtu asiyeamini ukuta. Pakawa vile vile. Ngumi zikafunguka.

Daktari akatoka wakati huo, bado amevaa aproni. Hakuuliza tunalilia nini. Alipima mkono mwenyewe, akaweka ubao kwenye goti, akamvua mama yule hadi kikwembe kimoja na kumpandisha kwenye balansi, na kilo zikaanguka kiasi cha kutisha. Akasema anabaki. Akasema pia maziwa yaanze kidogo, kiasi cha kikombe kidogo cha kahawa, si bakuli, hata akilia njaa, kwa sababu tumbo lililolala muda mrefu likiamshwa kwa ghafla linamuua mwenyewe.

Shemeji akaniuliza mimi, si daktari, maji yale yatatoka lini. Nikamwambia sijui, lakini nitapima kila asubuhi, na siku kidole kisipoacha shimo nitampandisha treni kwa mikono yangu. Akatazama mikono yangu. Akaagana na mama yake haraka, kichwa chini, akamkumbatia dada yake kwa muda mrefu, na mimi akanipiga begani, si kwa nguvu, si polepole. Akaenda mbio.

Nilitimiza ahadi ile, ingawa ilichukua muda. Alipanda treni baada ya mvua kwisha, kwa miguu mikavu, na mkono uliokuwa umerudisha nyama, na barua ilikuja baadaye kusema alifika na analalamikia maharage ya huko. Mimi humwambia kila mtu kwamba alinenepa hadi wakaongeza behewa. Lakini asubuhi ile hatukuyajua hayo. Mke wangu alirudi nyumbani kwa njia ya nyuma ya reli, kwa amri ya mama yake, na hakukanyaga tena hospitalini. Tukabaki mimi na yule mama, na treni ikapiga filimbi ya kuondoka, naye akageuzia uso wake upande wa kituo mpaka sauti ikaisha.

Nikaja na kikombe na kijiko. Nikasimama. Alinitazama kuanzia viatu.

"Unajua mukwe akimugusa mama mukwe, analipa nini?"

Nilijua. Analipa kuku, ndipo aibu iondoke kati yao. Nikamwambia kwamba kuku wa Dilala wote wameliwa au wamehamia Zambia, lakini nimesikia kuna mmoja anaishi kwa kujificha, nitamtafuta.

"Mweupe," akasema. "Na asikuwe mwembamba. Mupime kwanza."

Kisha akafumba macho, kwani hata katika mambo yale mtu hawezi kumtazama mkwewe usoni akila, akafungua kinywa.